Udongo Uliotandazwa Juu ya Kifusi

Kwa miaka ipatayo 500 wakazi wa Cairo walitupa mabaki ya nyumba zilizobomoka, vumbi na taka za kila namna kwenye vilima vya Darassa, ubavuni mwa mji wa kale. Aga Khan wa Nne, aliyekuwa kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, alipotangaza mwaka 1984 nia ya kuwajengea bustani, jalala hilo la hekta 30 ndilo lililochaguliwa. Bustani ya Al-Azhar ilifunguliwa mwaka 2005. Wageni husifu mitende na chemchemi zake, nazo zastahili. Sifa zangu za kwanza nawapa waliohangaika na udongo.

Kifusi cha Darassa kilijaa chumvi. Chumvi huyazuia maji yasiingie mizizini, hata mche ulionyweshwa vizuri ukanyauka ardhi ikiwa bado mbichi. Kwa hiyo kazi ilianza na uchimbaji. Kifusi na udongo vilivyohamishwa vilifika mita za ujazo milioni 1.5. Kisha ukatandazwa udongo mwema wa kichanga, mahali nusu mita, mahali hadi mita mbili, huku vilima vikichongwa upya. Majalala yetu ya leo, Dandora jijini Nairobi kwa mfano, yangedai kazi ya ziada, maana taka mbichi bado zinaoza na kutoa gesi inayohitaji mabomba ya kuitoa.

Hapo ndipo watunza bustani walipoingia, na hapa ustadi wao unanifurahisha kabisa. Miteremko ya magharibi ni mikavu, basi ikapewa mimea yenye majani manene, inayojiwekea maji yake yenyewe. Nyasi, miti ya kivuli na matunda vikapewa sehemu zilizo na nafuu. Mimea mingi ililelewa kwanza vitaluni, kwa mbegu na vipandikizi, kabla ya kukabidhiwa ardhi ile ngumu.

Na bado kulikuwa na matanki matatu ya maji ya jiji, kila moja na kipenyo cha mita 80, ambayo ilibidi yakae papo hapo. Wasanifu waliyaingiza ndani ya mchoro wao wa vilima. Mtu anatembea juu yake akiwa na watoto, asijue.

Kazi ya kuchonga upande wa magharibi ikafukua ukuta wa mji wa enzi za Salah ad-Din, wa karne ya 12, urefu wa kilomita 1.5 hivi, uliokuwa umezikwa na taka hizohizo. Mwenye haraka angeuona kuwa kikwazo. Hawa waliuchukua kama kazi nyingine, wakaita waashi wa mawe, na vijana wa mtaa wa jirani, Darb al-Ahmar, wakajifunza uashi na useremala kazini humo. Ukuta ukawa mpaka wa bustani, nao mtaa ukaanza kukarabatiwa, nyumba hii na ile, msikiti huu na ule.