Bolti Iliyokatika: Uhakiki wa Istilahi za Ufundi wa Magari

Istilahi hupimwa kazini, wala haipimwi kamusini peke yake. Neno laweza kupendeza masikioni, likakubaliwa mkutanini na kuchapishwa, na bado likamshinda fundi aliyelala chali chini ya dashibodi akiwa na spana mkononi. Makala haya yanakusudia kuchunguza sehemu moja ndogo ya lugha ya gereji, nayo ni lugha ya maelekezo ya kufunga redio, spika na amplifaya katika gari, hasa pale bolti inapokatika. Sehemu hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ya kufasiri karatasi za namna hii hudhaniwa kuwa nyepesi, kwa hiyo hupewa mtu yeyote ajuaye lugha mbili. Pili, kosa la neno moja hapa haliishii katika karatasi, bali huingia katika chuma na waya, na pengine katika maisha ya abiria.

Tuanze na bolti yenyewe. Kiingereza hutumia neno moja kutaja kitu kinachozuia mlango usifunguke na vilevile chuma chenye hesi kinachokazwa kwa nati. Mfasiri anayetegemea kamusi peke yake hukutana na “komeo” kwanza, akaliandika. Komeo husukumwa na kuvutwa, ilhali bolti huzungushwa. Fundi anayeambiwa akaze komeo la redio atatafuta mlango ulipo. Wako wanaoona kwamba bolti, nati na skrubu ni maneno ya kuazima yasiyostahili kuandikwa katika Kiswahili sanifu. Hao yafaa wakumbuke kwamba hata parafujo, ambalo wengine hulitetea kuwa neno la kale, tulilipata kwa Wareno. Ukale wa mkopo si hoja ya kutosha. Hoja ni kama msomaji na mwandishi wanaelewa kitu kile kile.

Hata hivyo, si kila neno la gereji lafaa kuandikwa lilivyo. Lichukue “washa”, kile kibati cha mviringo kinachokaa chini ya nati. Katika maelekezo ya redio neno hili hukutana na kitenzi kuwasha, na sentensi kama “weka washa kisha washa redio” humfanya msomaji asome mara mbili. Mfasiri mwangalifu ataandika “kibati cha washa” mara ya kwanza, ili jina lisigongane na kitenzi. Kadhalika, mafundi kadhaa huita mikato ya bolti “nyuzi”. Katika karakana ya mabomba neno hilo halina madhara. Lakini katika karatasi inayotaja pia nyuzi za shaba zilizomo ndani ya waya, litaleta vurugu. Hesi ni neno tunalo tangu zamani, nalo halina maana nyingine katika kazi hii. Basi na litumike.

Kitenzi “kufunga” nacho chahitaji uangalizi. Twafunga redio kwa kuiweka katika gari. Wengine hufunga redio kwa kuizima. Na bolti hufungwa kwa kukazwa. Karatasi moja haiwezi kubeba maana zote tatu bila kumchosha msomaji. Tungeshauri kufunga kubaki kwa kuweka chombo mahali pake, kuzima kutumike kwa umeme, na kukaza na kulegeza vitumike kwa bolti.

Sasa tufike kwenye hitilafu zenyewe, ambapo udhaifu wa tafsiri nyingi huonekana waziwazi. Mfasiri huandika kwamba bolti “imeharibika”, akadhani amemaliza. La hasha. Kiswahili kina vitenzi vinavyopambanua mambo ambayo neno hilo huyafunika. Bolti iliyoganda imeshikwa na kutu, haizunguki. Bolti iliyolika hesi huzunguka bure bila kukaza. Bolti iliyopinda haiingii sawasawa. Bolti iliyokatika imetoa kichwa, na kiwiliwili kimesalia ndani ya chuma. Kila hali ina dawa yake. Iliyoganda hutiwa mafuta mepesi ya kupenya kutu, ikaachwa kwa muda na kugongwa taratibu. Anayetumia nguvu kabla ya mafuta ndiye anayeigeuza bolti iliyoganda kuwa bolti iliyokatika. Kwa hiyo mfasiri aliyefunika hali hizo kwa neno moja amemnyima fundi onyo alilolihitaji.

Kipande kinachobaki ndani nacho chahitaji jina. Tunapendekeza “kisiki”. Kila mkulima anajua kisiki ni nini: ni sehemu ya mti iliyobaki ardhini baada ya shina kukatwa. Neno hili lajieleza lenyewe, nalo ni fupi. Lakini hapa pana mtego. Mkulima hung’oa kisiki, na mfasiri aweza kushawishika kuandika “ng’oa kisiki cha bolti”. Bolti haing’olewi, hufunguliwa kwa kuzungushwa. Fundi akiambiwa ang’oe, atabana na kuvuta, na bati la gari litachanika.

Njia ni hizi. Kisiki kikiwa kimechomoza, hushikwa kwa koleo la kubana, au hukatwa mfereji kwa msumeno wa chuma kisha hulegezwa kwa bisibisi. Kikiwa kimezama, hutiwa alama katikati, hutobolewa kwa keekee ya umeme, na ndani ya tundu hilo huingizwa chuma kigumu chenye hesi ya kushoto. Chuma hicho kikizungushwa kushoto, huzidi kujikaza ndani ya kisiki, na papo hapo humlegeza mwenziwe, kwa kuwa bolti ya kawaida hufunguka kwa upande huo huo. Mfasiri asiyeelewa jambo hili huona “kaza kushoto” kuwa kosa la mwandishi wa kwanza, akalisahihisha liwe “kulia”. Masahihisho hayo hukilegeza chuma hicho kikatoka tunduni, na kisiki husalia pale pale.

Vipimo navyo ni sehemu ya lugha. Robo inchi ni milimita 6.35. Mfasiri anayependa kurahisisha huandika milimita 6, akidhani tofauti ni ndogo. Bolti ya kawaida ya milimita 6 ina hesi zilizoachana kwa milimita 1, ilhali ile ya robo inchi ya hesi pana ina hesi 20 katika kila inchi, yaani zimeachana kwa milimita 1.27. Bolti ya robo inchi ikilazimishwa katika tundu la milimita 6, hushikana na hatimaye hukatika. Vipimo visifasiriwe, vinakiliwe.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Amplifaya huhitaji waya unaoiunganisha na chuma cha gari. Wafasiri huuita “waya wa ardhi”, ingawa gari limesimama juu ya mipira na waya huo haufiki ardhini kamwe. Wengine huandika “hasi”, lakini magari kadhaa yaliyoundwa Uingereza kabla ya miaka ya 1970 yaliunganisha upande wa chanya na bodi. “Waya wa bodi” ndilo jina linalosema ukweli katika hali zote. Karatasi ikisema tu kwamba waya huo ufungwe kwenye bolti “yoyote iliyo karibu”, fundi atachagua ile iliyo karibu zaidi, nayo mara nyingi ni ya kiti au ya mkanda wa kiti. Bolti hiyo ikikatika wakati wa kulegezwa, au ikirudishwa bila kukazwa ipasavyo, redio italia vizuri mpaka siku ya ajali, na siku hiyo mkanda hautamshika abiria.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu wakati huo yamepatikana maneno mengi ya utawala, elimu na sheria. Lugha ya karakana isiachwe nyuma. Kwa ajili hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, orodha yoyote ya istilahi za ufundi isomwe mbele ya mafundi wanaoshika vyombo hivyo, kabla ya kupitishwa. Pili, walimu wa vyuo vya ufundi wawafundishe wanafunzi vitenzi vya hitilafu, yaani kuganda, kulika, kupinda na kukatika, sambamba na majina ya vyombo. Tatu, ofisi zinazoagiza tafsiri zidai mfasiri aione kazi ikifanywa walau mara moja. Mfasiri aliyekwisha kuona kisiki cha bolti kikilegea hatakiandikia tena neno “ng’oa”.