Hongera, Mwalimu wa Sayansi wa Nchelenge

Kitabu cha sayansi kilichochapwa kabla ya Oktoba 2021 hakiwezi kumwambia mwanafunzi kwamba Shirika la Afya Duniani limependekeza chanjo ya malaria kwa watoto. Na Nchelenge, nchini Zambia kando ya Ziwa Mweru, malaria huenea mwaka mzima. Mbu aina ya Anopheles funestus ndiye mwenezaji mkuu. Mtoto wa huko asingojee toleo jipya la kitabu. Nampongeza kwa dhati mwalimu anayepakua somo kwenye simu yake, kwa bando alilonunua mwenyewe, akamchora mbu huyo ubaoni, kichwa chini na tumbo juu, kisha akaeleza jinsi chanjo inavyoufundisha mwili kukitambua kimelea cha malaria. Huyo ni mwalimu hasa. Wizara ya Elimu ya Zambia, mlipieni bando.