Nyumba ya Kusifia Chombo

Msanifu majengo akipewa kazi ya kubuni nyumba ya umma itakayoadhimisha ufundi wa vyombo vya bahari, aghalabu huanza kwa kuchora chombo, kisha akakiita nyumba. Paa huwa tumbo la jahazi lililopinduliwa, madirisha hupangwa kama matundu ya makasia, na mlingoti usiopata kutwekwa tanga husimamishwa mlangoni. Watazamaji hufurahi, wapiga picha hufurahi zaidi, na fundi wa vyombo hupita njia akaenda zake, kwa kuwa hana kazi ndani ya nyumba hiyo. Nataka kuupima mtindo huu kwa kutazama ufundi wa Wamalay wa Terengganu, jimbo la pwani ya mashariki ya Malaysia, pamoja na majengo mawili yaliyokwisha kujengwa katika nchi hiyo. Wasomaji wa pwani yetu hawatajiona wageni katika maneno haya, maana mkuku na mataruma ni mambo ya Lamu na Mombasa kama yalivyo ya huko.

Katika mlango wa mto Terengganu, karibu na mji wa Kuala Terengganu, kiko kisiwa kiitwacho Pulau Duyong. Sifa ya mafundi wake ilienea mbali. Waliunda payang za wavuvi, waliunda bedar, waliunda pinas, chombo kikubwa cha biashara ambacho umbo lake lilichanganya ujuzi wa Wamalay na wa Wazungu, na matanga yake yakafuata desturi ya Wachina. Mti waupendao ni cengal, mti mzito na mgumu ambao hauozi upesi. Fundi wa Duyong hatumii mchoro. Akisha kulaza mkuku huanza kupanda na mbao za ubavuni, ubao juu ya ubao, na mataruma hutiwa baadaye, chombo kikiwa kimekwisha kupata umbo. Ubao usiotaka kukunjika huwekwa juu ya moto hata ukatii. Kingo za mbao hutobolewa, zikaunganishwa kwa misumari ya mti, na baina ya ubao na ubao hulazwa gome laini la mti uitwao gelam, ambalo likipata maji hufura na kuziba mwanya. Watu wa visiwa vya Lamu zamani walishona mbao za mtepe kwa kamba za makumbi. Njia zilikuwa mbali mbali, lakini hapana mmoja wao aliyetegemea chuma kushikamanisha mbao zake.

Neno la kuangaliwa hapa ni kwamba elimu hii yote imo katika jicho, mkono na kumbukumbu. Haikuandikwa ikawekwa sandukuni. Kijana huipata kwa kusimama kando ya mzee siku nyingi, akishika ubao upande mmoja wakati mzee anaupima upande wa pili. Mafundi wa Duyong leo wamebaki wachache, na vyombo vya mbao vimepata washindani wa bei nafuu. Kwa hiyo jengo la kuadhimisha ufundi huu halijengwi kwa ajili ya jambo lililotulia. Linajengwa wakati mlolongo wa mzee na kijana unakaribia kukatika, na ni haki yetu kuuliza kama litausaidia au litausindikiza kaburini kwa heshima.

Sasa tutazame Melaka, mji wa pwani ya magharibi. Huko makumbusho ya bahari, yaliyofunguliwa mwaka 1994, yamejengwa kwa mfano wa merikebu nzima, yenye urefu wa mita 36 na kimo cha mita 34. Mgeni hupanda ngazi, akaingia tumboni, akaona habari za biashara ya bandari ile mashuhuri. Sikatai kwamba jengo linavuta macho, na watoto walipendao hawana makosa. Lakini merikebu iliyoigwa ni Flor de la Mar, chombo cha Wareno walioiteka Melaka mwaka 1511, ambacho kilizama karibu na Sumatra mwaka huo huo kikiwa na hazina zilizotekwa. Basi katika mji wa Wamalay, umbo lililo kubwa kupita yote katika kueleza bahari ni la chombo cha mtekaji. Yamkini kuna maana katika kukumbuka hasara, na makumbusho yale hayakudai kuwa ni sifa ya mafundi wa Kimalay. Hata hivyo yanatufunza jinsi umbo la nje linavyoweza kuwa kubwa bila kusema lolote juu ya mikono iliyounda vyombo vya mahali pale.

Jengo la pili ni makumbusho ya jimbo la Terengganu, yaliyoko Losong kando ya mto, yaliyofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Raja Bahrin Shah, hakuiga chombo. Alichukua nyumba za kale za Terengganu, zile zinazosimama juu ya nguzo na kuwa na paa za mwinuko mkali, akazikuza kwa saruji hata zikawa majumba makubwa yaliyounganishwa. Vyombo vyenyewe, vya mbao halisi, vimewekwa uwanjani. Hukumu yangu ni kwamba kazi hii ina adabu kuliko ile ya Melaka, kwa sababu nyumba imekubali kuwa nyumba, na chombo kimeachwa kuwa chombo. Kasoro yake ni moja, nayo si ndogo: chombo kimekaa nchi kavu. Mtazamaji hukizunguka, akakisifu, asijue ubao wa kwanza ulikunjwaje.

Turudi kwenye paa la tumbo lililopinduliwa, maana ndilo kishawishi kikubwa. Mvuvi yeyote wa Shela au Vanga angemwonya msanifu. Mbao za chombo hushikana zikiwa majini. Hunywa maji, zikafura, zikabanana. Chombo kikikaa juani miezi mingi hukauka, mbao zikasinyaa, na mianya ikafunguka. Kumbe kukichukua kiungo kilichobuniwa kwa maji na kukianika juu ya nyumba ni kukitenda kinyume cha tabia yake. Basi msanifu hulazimika kutia mabati au saruji chini ya mbao, na zile mbao zikawa pambo tu. Nyumba ya kusifia ukweli wa fundi imeanza kwa kudanganya.

Fundi wa Kimalay mwenyewe hakupenda pambo lisilo na kazi. Katika mashua za wavuvi wa Kelantan na Terengganu kuna kipande cha mti kilichochongwa na kupakwa rangi kwa ustadi wa ajabu, kiitwacho bangau, jina la ndege wa majini. Ni kizuri mno. Lakini kiliwekwa pale ili kupokea mlingoti na tanga vinapolazwa. Ukikitundika bangau ukutani pa ukumbi, umechukua nusu yake na kutupa nusu.

Ikiwa hivyo ndivyo, jengo lifaalo Duyong lingekuwaje? Lingekuwa kwanza banda. Lingesimama ukingoni mwa mto, upande wa maji ukiwa wazi kabisa, na nguzo zake zikiachana kiasi cha kupitisha chombo cha mita 20 pasipo kugusa. Sakafu ya kazi ingekuwa ardhi, ili moto wa kukunjia mbao uweze kuwashwa, na paa lingekuwa juu lenye njia ya moshi. Ukumbi wa vioo na sakafu ya kung'aa hauwezi kuvumilia moshi na unga wa mbao. Na ukumbi usiovumilia hayo humfukuza fundi, hata kama jina lake limeandikwa mlangoni kwa dhahabu. Nguzo na boriti zingeunganishwa kwa viungo vya kuchonga, kama zilivyo nyumba za mbao za Wamalay, ambazo huweza kufunguliwa na kuhamishwa.

Mtu atauliza wenyeji watapata nini, ikiwa mahali pote ni pa fundi. Swali ni la haki, kwa kuwa jengo la umma lisilo na umma ni karakana ya mtu binafsi. Kando ya banda, juu ya nguzo kama nyumba za huko, pangekuwa na baraza ndefu inayotazama chini mahali pa kazi. Hapo pangefanyika mikutano na karamu za arusi, na watoto wa shule wangekaa wakitazama chombo kikikua juma baada ya juma. Nguzo hizo zina faida nyingine. Upepo wa kaskazi, ambao kwetu ulileta majahazi kutoka Arabuni na huja na ukavu, huko huja na mvua nzito na bahari chafu tangu Novemba, na mito hufurika. Baraza iliyoinuliwa ingekuwa kimbilio.

Lipo jambo moja ambalo mchoro wowote hauwezi kulimaliza, nalo ni ukubwa wa mlango. Msanifu hupenda kukata kila kipimo kabla ya jiwe la kwanza. Fundi wa Duyong hukata kipimo cha ubao wa pili akisha kuuona wa kwanza. Ningependa msanifu akae na mafundi msimu mzima wa kuunda chombo kimoja, pale pale mtoni, kabla hajachagua nafasi ya nguzo zake. Wenye fedha watalalamika kwamba anachelewa. Lakini chombo kikisha kuteremshwa majini, banda litabaki tupu, na hapo ndipo atakapojua ni upana gani uliohitajika, na ni wapi wazee walipopenda kukaa kutazama.