Karata za Machimbo: Namna ya Kuutambua Mchezo Uliotengenezwa Vizuri

Baridi ya Malvern ni ndefu, na wanaokaa pembe hii ya kaskazini-mashariki ya Toronto wanajua jioni za Januari zinavyohitaji kitu mezani zaidi ya chai. Wazee wana karata zao za wahedisitini. Vijana wanaleta maboksi ya michezo ya kubuni: majoka, wachawi, na vibete wa ngano wanaogombea dhahabu chini ya mlima. Maboksi haya si ya bei rahisi, na picha ya juu haisemi chochote kuhusu kilichomo. Mwongozo huu ni wa anayetaka kujua anachonunua.

Mfano nitakaoutumia ni Saboteur, mchezo wa karata 110 uliotungwa na Mbelgiji Frédéric Moyersoen na kutoka mwaka 2004. Si mchezo bora kuliko yote ya machimbo, lakini ubora wake na kasoro zake vinaonekana wazi, kwa hiyo unafaa kujifunzia.

Karatasi kwanza

Chukua karata moja, ipinde taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha iachie. Iliyo nzuri hurudi ikawa bapa. Iliyo hafifu hubaki na kibyongo. Halafu imulike kwa tochi ya simu. Karata za daraja la juu zina tabaka za karatasi zilizogandishwa kwa gundi nyeusi inayozuia mwanga. Ukiiona picha ya upande wa pili, siri haitakaa humo.

Pitisha kidole juu yake. Uso wenye vishimo vidogo vidogo huruhusu hewa kupita, na karata huteleza unapochanga. Uso laini kama kioo hugandana mara mikono inapopata jasho au mafuta ya maandazi. Kisha panga migongo yote mezani chini ya taa moja. Mgongo mmoja ukipauka kuliko mingine, hiyo ni alama, na mwenye macho makali ataijua kabla ya raundi ya pili.

Hapa Kanada kuna jaribio jingine ambalo Tanga au Mombasa halipo. Hita ikiwaka miezi mitano, hewa ya nyumbani hukauka, na karatasi mbovu hujikunja kingo. Liweke boksi mbali na tundu la hita, nawe ukinunua lililokwisha kutumika, kagua kingo kabla ya kukagua picha.

Michoro inayosomeka na wote

Katika Saboteur unapanga karata za njia moja baada ya nyingine, kutoka mlango wa mgodi hadi karata tatu zilizofunikwa. Moja tu ina dhahabu. Ziweke karata mbili za njia ubavu kwa ubavu utazame njia zinavyokutana ukingoni. Mashine ya kukatia ikiwa imeteleza, njia ya karata hii itaingia kwenye mwamba wa ile, na mezani pataanza ubishi usio wa lazima.

Ubora mwingine unawahusu zaidi watu wa Malvern. Karata hizi hazina maneno. Sururu iliyovunjika, taa iliyozimika na kitoroli kilichong'oka gurudumu vinajieleza vyenyewe. Bibi aliyefika juzi kutoka Kigoma, jirani Mtamil na mtoto wa miaka minane wanacheza meza moja bila mkalimani. Mchezo unaomlazimu mtu kusoma aya ya Kiingereza kwenye kila karata umeshawafukuza nusu ya wageni wako.

Siri na mashaka

Sasa ingia kwenye kanuni, maana hapo ndipo wabunifu wengi huchemsha. Katika Saboteur kila mchezaji hupewa kwa siri karata ya mchimbaji au ya mhujumu, anayeizuia njia isifike kwenye dhahabu. Wakiwa watano huchangwa karata sita, wachimbaji wanne na wahujumu wawili, na moja huwekwa kando bila kuonwa. Karata hiyo moja ndiyo ufundi wenyewe. Haipo mezani, lakini inamfanya kila mtu asiwe na hakika kama wahujumu ni wawili au mmoja. Mbunifu asiyejua kazi angetafuta mashaka hayo kwa kuongeza kanuni kumi.

Mgawo

Kipimo kikuu ni hiki: mchezo wa machimbo usipime nani amebahatika kuchimba tu, upime dhahabu inagawanywaje. Toronto inalijua hilo. Makao makuu ya kampuni ya dhahabu ya Barrick yako mjini humu, na Mtanzania yeyote anakumbuka sakata lake la makinikia, yaani mchanga wa madini, la 2017. Hoja haikuwa nani anayechimba mgodi wa Bulyanhulu. Hoja ilikuwa nani anapata nini. Iliishia kwenye kampuni ya ubia ya Twiga, ambamo serikali ya Tanzania ina asilimia 16.

Tazama Saboteur inavyofanya. Wachimbaji wakifika kwenye dhahabu, karata za vipande vya dhahabu huchotwa kwa idadi ya wachezaji. Aliyefikisha njia huchagua ya kwanza, na zilizobaki huzunguka. Kati ya karata 28, kumi na sita zina kipande kimoja, nane zina viwili, na nne tu zina vitatu. Kwa hiyo hata watu wa upande mmoja wana sababu ya kucheleweshana: unataka njia ifike, lakini unataka iwe mikononi mwako. Mhujumu aliye peke yake akishinda hupata vipande vinne. Wakiwa wanne, kila mmoja huambulia viwili. Ukikuta mchezo ambao washindi wote hupata sawa, jua ugomvi wake ni wa picha tu.

Mtazame anayeshindwa

Katikati ya mchezo, acha kumtazama anayeongoza. Aliye nyuma bado ana la kufanya? Hapa Saboteur inayumba. Aliyevunjiwa sururu hawezi kupanga njia mpaka apate karata ya kuitengeneza. Anaweza kuporomosha kifusi au kuwavunjia wengine, lakini mkono ukiwa mbaya atatupa karata tu zamu hadi zamu. Wakiwa watatu mezani, mchezo hupwaya. Kuanzia watano huchangamka.

Usinunue kabla ya kujaribu. Toronto ina mikahawa ya michezo tangu Snakes & Lattes ifunguliwe mtaa wa Bloor mwaka 2010; kutoka Malvern ni basi hadi kituo cha Kennedy, kisha treni. Kaa, cheza raundi zote tatu, ndipo uamue. Ukikuta karata imara zenye mgawo mbovu, rudisha boksi kwenye rafu. Ukikuta mgawo mzuri kwenye karata hafifu, nunua, kisha uzivishe mifuko ya plastiki. Karatasi ina dawa, kanuni mbovu haina.