Huyu Nani? Namna ya Kupima Insha ya Kiingereza kwa Viwakilishi Vyake

Msomaji mjuzi akipewa insha ya Kiingereza ya mwanafunzi wa sekondari wa Ilembo, mjini Mpanda, hababaishwi na misamiati mizito. Hushika kalamu, akapigia mstari kila "he", "she", "it", "they" na "this", na kila mstari hujiuliza: huyu nani? Hiki nini? Insha iliyoiva hujibu papo hapo. Iliyo mbichi humrudisha aya nzima nyuma kumsaka mwenyewe.

Kosa linalopiga kelele kuliko yote ni la namna hii: "My mother he is a farmer." Wengi hucheka. Mjuzi hacheki, maana sentensi hiyo ina makosa mawili na yote yana asili yake. Mtoto huyo huenda alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akakutana na masomo kwa Kiingereza alipoingia kidato cha kwanza, na nyumbani kwao wanazungumza Kibende, Kikonongo, Kifipa au Kisukuma. Hakuna hata moja kati ya lugha hizo inayomtenga "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Tena amezoea kusema "mama analima", ambapo kiambishi "a-" lazima kiwepo hata mama akiwa ameshatajwa. Hiyo "he" imekuja kuziba nafasi hiyo. Kosa ni kosa, lakini halisemi mengi juu ya uwezo wa mwandishi.

"Juma loves her wife" linafundisha zaidi. Katika "mke wake" na "kitabu chake", kimilikishi hufuata kinachomilikiwa. Kiingereza hufuata mmiliki, hivyo Juma anadai "his" hata kama mke ni mwanamke. Mwanafunzi wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, anayejifunza Kifaransa, hukuta lugha hiyo nayo inakifuata kinachomilikiwa.

Yapo pia yanayopita kimya kimya. "We went to Sumbawanga with my brother" haina doa la sarufi. Aliyeiandika alikusudia watu wawili, kama tusemavyo "tulikwenda na kaka". Mwingereza ataisoma ahesabu watatu au zaidi. Msahihishaji anayeiacha ipite hajasoma, amekagua tu.

Kasoro ya waliosoma sana ni nyingine: "between you and I". Walikaripiwa utotoni kwa kusema "me and Juma went", wakaanza kuiogopa "me" hata mahali pake. Dawa ni kumwondoa mwenzake kwanza. "He gave Juma and I a book" ikibaki "He gave I a book", sikio lenyewe litakataa.

Kipimo kikubwa, hata hivyo, kiko kwenye sentensi isiyo na kosa lolote. "The cup hit the table and it broke." Nini kilivunjika? Mswahili hana shida hiyo: "kikavunjika" ni kikombe, "ikavunjika" ni meza. Ngeli humfanyia kazi bila yeye kujua. Akivuka kwenda Kiingereza anaukuta mzigo wote umetupwa ndani ya "it" moja, na kwa kuwa kichwani mwake maana iko wazi, haoni kwamba kwenye karatasi imepotea. Mwandishi bora hushtuka hapo na kurudia nomino: "and the cup broke". Walimu wengine hukata marudio ya jinsi hiyo kwa wino mwekundu wakidai ni uvivu. Wanakosea; neno "cup" mara mbili halimchoshi msomaji kama "it" isiyo na mwenyewe.

Limebaki suala la "they" ya mtu mmoja, kama katika "Every student should bring their book". Wapo wanaoiona ni uchafu wa juzi. Kamusi kubwa ya Oxford inafuatilia matumizi hayo hadi mwaka 1375, na mwaka 2019 wachapishaji wa kamusi ya Merriam-Webster waliichagua "they" kuwa neno la mwaka. Kwa hiyo mjuzi haikati. Lakini mtahiniwa asiyejua msahihishaji wake ni wa kambi gani ana njia nyepesi ya kukwepa ugomvi: aandike "Students should bring their books".