Wimbo Mmoja, Msimu Mzima

Katikati ya mwaka 1977 ABC, mtandao wa televisheni wa Marekani, ilikuwa imetoka kumaliza msimu wake wa kwanza kabisa ikiongoza kwa watazamaji, baada ya miaka mingi ya kuburuta mkia nyuma ya mitandao shindani, CBS na NBC. Septemba, mwezi wa kufungua msimu mpya, ilikuwa inakaribia, na vipindi vya kunadi vilikuwepo. Lakini ABC ilitanguliza wimbo. Ilichukua “Still the One”, wimbo wa bendi ya Orleans wa mwaka 1976 kuhusu wapendanao waliodumu, ikaufanya wimbo wa kujinadi.

Uteuzi huo naustahi sana. Mtazamaji alikuwa tayari anaujua mdundo kutoka redioni, na sasa mapenzi yanayoimbwa yalikuwa kati yake na televisheni yake.

Ufundi wenyewe ulikuwa kwenye uhariri. Vipande vifupi vilikatwa kufuata mapigo ya ngoma: mtu anacheka, gari linaruka, nyota anageukia kamera na kutabasamu. Hadithi haikuelezwa. Vipindi vipya vilichanganywa na vilivyokwisha kupendwa, na mwaka ule ABC ilikuwa na Happy Days na Charlie’s Angels za kuzibeba The Love Boat na Soap zilizokuwa zikianza. Sura ngeni ikipita katikati ya sura mbili unazozipenda, unaipokea kama ndugu yao.

Kisha kulikuwa na vituo vya mikoani. Mtandao mkubwa haukuwa na mitambo yake kila mji. Ulitegemea vituo shirika, yaani vituo vya miji vilivyorusha vipindi vyake. Kwa hiyo wimbo ulitengenezwa ukiwa na nafasi ambamo kituo cha mji kiliweza kuingiza jina lake, namba ya chaneli na picha za wasomaji wake wa habari. Mtu wa mji mdogo alisikia kampeni ya taifa ikimtajia chaneli ya kwao. Kwangu mimi hii ndiyo hatua ya akili kuliko zote, kwa sababu ilikipa kila kituo sababu ya kuurudia wimbo kwa hiari.

Hata hivyo, wimbo humleta mtu mara moja tu. Mwaka 1979 NBC ilizindua kampeni ya “Proud as a Peacock”, ikimrudisha tausi wa rangi wa nembo yake, aliyezaliwa 1956. Kazi ilikuwa nzuri, lakini vipindi vilikuwa dhaifu na NBC ikabaki ya tatu. Mwaka 1984 ikaja na “Let’s All Be There”, safari hii ikiwa na kipindi cha The Cosby Show nyuma yake. Walioitikia mwaliko walirudi wiki iliyofuata, na msimu wa 1985/86 NBC ikaongoza.

Televisheni ya kebo na rimoti zilipoenea, watu wakaacha kukaa kwenye chaneli moja jioni nzima, na tangazo la mtandao kwenye chaneli yake likawa linawakosa waliolengwa. Ikabidi kuwafuata nje ya televisheni: mwaka 1989 CBS ikaungana na maduka ya Kmart kuunadi msimu wake kwa bahati nasibu.