Barua Moja, Si Ukurasa Mzima

Ukibofya barua pepe leo inafunguka papo hapo, na orodha ya kando haitikisiki. Sisi tuliokuwa tukilipia dakika kwenye vibanda vya intaneti tunakumbuka hali nyingine. Kila ukibofya, skrini ilibaki nyeupe, kisha vitu vikarudi kimoja kimoja: nembo, vitufe, orodha, na mwisho kabisa barua yenyewe, mistari mitatu.

Piga hesabu. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata ikienda kwa kasi yake yote, hupitisha kilobaiti 7 tu kwa sekunde. Ukurasa wa kilobaiti 70 huchukua sekunde 10. Barua ya kilobaiti 2 ingefika kabla ya theluthi moja ya sekunde kwisha. Muda uliobaki tulikuwa tunaulipia ili tuletewe tena vitufe ambavyo tayari vilikuwa mbele ya macho yetu.

Waliofungua fundo hili ni wahandisi wa Microsoft waliokuwa wakitengeneza Outlook Web Access ya seva ya barua pepe ya Exchange 2000. Kupokea barua hakukuwasumbua: SMTP, itifaki ya kusafirisha barua pepe, ilishaifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na barua zilikuwa zimetulia kwenye seva. Kazi ilikuwa kuzionyesha ndani ya kivinjari. Wakaunda kijisehemu cha programu kinachoiwezesha skripti kuzungumza na seva chinichini, ukurasa ukiwa umesimama palepale. Skripti inaomba majina ya watumaji, mada na tarehe. Seva inajibu kwa XML, yaani data iliyopangwa kwa maandishi. Skripti inaandika jibu mahali pake, basi. Fremu ya ukurasa huja mara moja tu, data huja kila inapohitajika. Kwangu mimi, huo ndio ugunduzi wenyewe, na mengine yote ni matokeo yake.

Kijisehemu hicho kilitoka na Internet Explorer 5, Machi 1999, ndani ya maktaba ya MSXML. Ndiyo maana vivinjari vingine vilipokiiga kikaitwa XMLHttpRequest, ingawa kinabeba maandishi ya aina yoyote. Umma ulikuja kuonja utamu wake Aprili 1, 2004, Gmail ilipozinduliwa.

Lakini mbinu hii ilivunja kitu. Kitufe cha kurudi nyuma kinahesabu kurasa, na sasa ukurasa ni mmoja: ukikibonyeza ukiwa ndani ya barua, unajikuta nje ya kisanduku chote. Dawa ilipatikana kwenye alama ya #. Kinachoandikwa baada yake kikibadilika, kivinjari hakipakii ukurasa upya, ila kinaweka kumbukumbu ya hatua hiyo. Fungua Gmail kwenye kompyuta, utazame anwani iliyo juu: #inbox. Sasa fungua barua moja, uone ni sehemu gani ya anwani inayobadilika.